Tupeane uzoefu: dawa tunapewa bure, jino je? (Dodoma na jirani)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaotumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, kipato cha kuungaunga, tulioko Dodoma, Singida na vijiji vya katikati hapo. CTC, yaani kliniki tunakochukulia dawa hizo, vidonge bure, kupima wingi wa virusi bure. Ukisema jino linauma unaelekezwa kitengo cha meno, na huko unapokelewa na dirisha la malipo. Aliyepita humo aseme alipitaje. Hospitali iliyokuudhi usiitaje jina.

Naanza mimi. Nauza mitumba Sabasaba. Gego la chini lilinitesa tangu kiangazi hadi mvua zikaanza. Nabandika karafuu, nasukutua maji ya chumvi, natafuna upande mmoja. Hela ilikuwa shida, ila zaidi nilikuwa nawaza daktari akijua hali yangu atanitazamaje. Nikamwambia. Akauliza natumia dawa gani na majibu ya kipimo cha mwisho, akaandika, akachoma ganzi, basi. Kung'oa nilimudu. Kutibu mzizi ili jino libaki, bei ilinikimbiza. Hapo ndipo panaponikera: jino la mwenye bima nzuri linazibwa, la kwetu linang'olewa.

Mama wa Bahi: Mimi ulikuwa mdomo mzima. Ulimi umevaa utando mweupe, hata mlenda unachoma. Nikadhani ni meno. Nesi wa CTC akanimulika kwa tochi ya simu, akasema fangasi. Nikapewa dawa ya maji ya kuzungusha mdomoni, kisha akaagiza nipimwe. Kumbe virusi vimepanda! Wakanifuatilia tangu hapo. Nilichotoa ni nauli tu.

Kijana wa Kibaigwa: Sehemu moja niliambiwa nisubiri niwe wa mwisho, "tusichafue vifaa". Nimekaa benchi wenzangu wote wakaisha. Sikurudi. Sasa jino limebaki kipande na fizi inatoa usaha.

Tabibu wa meno (niko halmashauri mojawapo hapa): Pole sana mdogo wangu. Hilo la kuwekwa mwisho halina msingi wowote. Vifaa vinaoshwa na kutakaswa kwa mvuke wa presha baada ya kila mgonjwa, awe nani, maana wapo wanaokaa kwenye kile kiti bila hata kujua hali zao. Na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza unyanyapaa na kutoa siri ya mgonjwa. Hata hivyo tuambieni mnachotumia, kwa kuwa zipo dawa tunazoweza kukuandikia ambazo hazipatani na za CTC. Mdomo mkavu nao msiupuuze. Mate yakipungua meno yanaoza haraka. Piga mswaki kwa dawa yenye floraidi, soda punguza.

Nyongeza, kwa sababu naulizwa kila wiki: meno ya kahawia ya ndugu zetu wa Singida ni floraidi nyingi ya maji waliyokunywa utotoni. ARV hazihusiki.

Kijana, usaha hausubiriwi. Ukivimba chini ya taya au kumeza kukiwa kwa shida, nenda siku hiyohiyo.

Mzee wa Manyoni: Kabla ya kulipa ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini. Mimi nilibeba barua ya mtendaji wa kijiji. Walinihoji kweli kweli, naishi na nani, nalima nini, mifugo ninayo? Mwisho nikasamehewa gharama ya kung'oa. Meno ya bandia hawakutaka hata kuyasikia.

Mleta uzi: Shikamoo mzee, hilo nilikuwa silijui. Tabibu, kwa nini kitengo chenu kisije CTC siku ya kliniki? Pale tuko tayari, kadi mkononi, tunasubiri kuitwa.

Tabibu wa meno: Kiti kimoja, tabibu mmoja, halmashauri nzima. Ila kukagua kinywa hakuhitaji kiti, nesi wa Mama wa Bahi alitumia simu. Ukienda kuchukua dawa sema mwenyewe, "naomba niangaliwe na mdomoni", na wakikuta kitu waandike rufaa hapohapo.

Kijana wa Kibaigwa: Asante tabibu, nimekutumia ujumbe pembeni. Kwa mtendaji naenda kesho asubuhi. Mzee, shikamoo, ile barua ulilipia?

Mzee wa Manyoni: Marahaba. Sikulipa. Nenda na kitambulisho, na mwambie aigonge mhuri, bila mhuri watakurudisha.