Mjadala: Uwindaji karibu na nyumba ya jirani, mita ngapi ndiyo haki?

Mwanzisha Mada: Mwenye shamba karuhusu wawindaji hadi kwenye ua wa jirani. Sheria isipotaja umbali, uwekwe upi? Hoja, si matusi.

Nyati Mkongwe: Mita 150. Marisau namba 6, zile punje ndogo za bunduki ya kuwindia ndege, hayafiki hata mita 300, na yakidondoka juu ya bati hayaui kifaranga. Watu wanahamia shamba halafu wanataka kimya cha maktaba.

Bi Mvua: Maktaba imeingiaje hapa? Hayo yasiyoua kifaranga yanalala kwenye mfereji wa paa, na mfereji unaingia tangini. Ni madini ya risasi hayo. Anayekunywa ni nani, wewe?

Fundi Bati: Si aweke chujio!

Bi Mvua: Chujio linazuia punje, fundi, halizuii maji yaliyokwisha kulala nazo. Maji ya mvua yana uasidi kidogo, yanazila taratibu. Hata lile bomba la kumwaga maji ya kwanza linaondoa vumbi tu. Punje nzito inabaki palepale. Mfereji usafishwe kwa mkono.

Nyati Mkongwe: Haya, tutumie marisau ya chuma. Umeridhika?

Kijana wa Karakana: Taratibu mkuu. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo aliyezoea namba 6 anapanda hadi namba 4, punje kubwa zaidi. Mtutu wa zamani wenye mdomo uliobanwa sana unaweza kuvimba. Na kikigonga jiwe kinadunda vibaya zaidi.

Ulingoni: Mmeganda kwenye marisau, bunduki zinazorusha risasi moja badala ya punje nyingi hamzitaji! Risasi ya ile bunduki ndogo ya .22 mnayoiita ya watoto inavuka kilomita moja na nusu. Mita 150 hapo ni pambo. Kinachookoa ni udongo nyuma ya mnyama: kaa kwenye ulingo wa mita 3 au 4, nyumba iwe mgongoni, ulenge kushuka. Mnyama aliyesimama kileleni mwache.

Nyati Mkongwe: Akijeruhiwa akavuka mpaka, naye nimwache?

Bi Mvua: Ondoa risasi ndani ya bunduki, iache upande wako, upige hodi.

Nyati Mkongwe: Damu ya kumfuatia ikikauka je?

Ulingoni: Ukimfuata papo hapo ndiyo unamkimbiza mbali. Aliyepigwa kifuani subiri nusu saa. Wa tumboni, saa kadhaa. Muda wa hodi upo tele.