Kodi ya gari kwenye ritani (fomu za kodi ya mapato) ya Marekani ya 2025: Schedule A au niache?

BabaZawadi: Wakuu habari. Nataka kufaili wiki hii. Mambo ya usajili na kodi ya gari yamenikamua zaidi ya $400. Niweke Schedule A (fomu ya kuorodhesha makato moja moja) au nibaki na makato ya kawaida, kile kiasi kimoja cha wote?

MzeeKijiwe: Swali nusu. Jimbo gani? Umeoa? Gari la familia au la kazi?

DadaWorcester: Jimbo ndilo linaloamua. Inakatwa kwenye mapato kodi ile tu inayotozwa kila mwaka kwa thamani ya gari. Massachusetts manispaa inatuletea bili ya eksaizi, kodi ya gari ya kila mwaka, $25 kwa kila $1,000 ya thamani; hiyo inakatwa. Ada ya usajili, $60 kwa miaka miwili, haikatwi.

HoustonKwetu: Texas sahau, ada ni $50.75, gari jipya au mkweche. Shemeji yangu alimpa kazi mtu wa kodi wa mtaani. Jamaa akajaza usajili wote, bima, hadi matairi. Rifandi (kodi inayorudishwa) ikaja nene, shemeji akaituma nyumbani ikamalizie kupaua. Kisha barua ya IRS, mamlaka ya kodi: leta risiti. Kumpigia jamaa, hapatikani. Ofisi imeshakuwa saluni. Na jamaa hakuisaini ritani aliyoiandaa! Shemeji bado analipa, na riba juu.

BabaZawadi: Mpe pole. Niko Massachusetts, nina mke, tumepanga nyumba. Wikiendi napeleka chakula kwa wateja kupitia app ya DoorDash.

MzeeKijiwe: Si ungesema mapema! Mkifaili pamoja makato ya kawaida ni $31,500. Wapangaji, hamna mogeji (mkopo wa nyumba), Schedule A yenu itafikaje huko? Ya DoorDash iende Schedule C, fomu ya biashara yako: unakata senti 70 kwa kila maili ya kazi.

DadaWorcester: Na sehemu ya eksaizi inayolingana na maili za kazi inaingia hukohuko, juu ya zile senti.

DullahDereva: Maili ni za wavivu. Kata gharama halisi badala yake: mafuta, gereji, uchakavu, hata usajili.

MzeeKijiwe: Dullah, usimpoteze mtu. Gari likiwa lako, usipochagua maili mwaka wa kwanza wa kazi, huna ruhusa ya kuzirudia baadaye.

DullahDereva: Kwani nani anataka kurudi?

MamaAsha: Samahani naingilia. Muuza magari kaniambia riba ya mkopo wa gari inakatwa hadi $10,000?

HoustonKwetu: Gari jipya, lililounganishwa Marekani. Mtumba hakuna.

MamaAsha: Yangu RAV4 ya 2019, nimeichukua mwaka jana.

HoustonKwetu: Hiyo ni mtumba, mama.

BabaZawadi: Na kama maili sikuziandika?

DullahDereva: 😂😂