Ati mtoto asiyejua kusoma ASISHIKE kivinjari cha watoto?!

Mwalimu_PP2, Kisumu:
Wadau, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira. Mnamjua yule bwana, sina haja ya kumtaja. Kivinjari chake "cha watoto wa miaka 4 hadi 7" kimepigiwa debe tangu muhula ufunguliwe. Leo ameulizwa kwa adabu mbona ukurasa wa kwanza ni maandishi matupu. Jibu lake: "Mtoto asiyejua kusoma asishike kivinjari."

Asishike! Miaka 4! Wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ndio kwanza anajua penseli inashikwa upande gani!

Kitufe cha kufunga ni kidogo kuliko jicho la omena. Google wenyewe huwaambia waundaji wa programu za Android wasishuke chini ya dp 48, yaani kama milimita 9, na hicho ni kipimo cha watu wazima. Mtoto mpe sentimita 2 kila upande, maana yeye hagusi kwa ncha, anabonyeza na kidole kizima huku gumba la mkono wa pili limelala ukingoni mwa skrini. Na ukingoni ndiko kwenye balaa. Tangu Android 10, kutelezesha kidole kutoka ukingoni kunaweza kuwa amri ya kurudi nyuma. Sungura yuko katikati ya hadithi, gumba linateleza, sungura hayupo. Kinatokea kisanduku: "Je, una uhakika unataka kuondoka?" Kwa maandishi! Halafu asiyejua kusoma asishike!

Mlango wa mzazi, ule swali la kumzuia mtoto asiingie sehemu ya wakubwa, nao unauliza 3 + 2. Pazia la mlangoni lina ulinzi kuliko huo.

ASISHIKE. Tangu saa nane neno hilo halinitoki masikioni.

FundiKibuye:
Pole Mwalimu, lakini umelia aya tano na ugonjwa wenyewe hujaugusa. Vitufe hurekebishwa kwa siku moja. Hatari iko kwenye kichujio, kile kinachoamua mtoto afungue tovuti gani. Chake kinaangalia tu kama neno lililoruhusiwa limo popote ndani ya anwani. Neno likiwa "hadithi", tovuti ya kamari ikibandika /hadithi mwishoni inapita mchana kweupe. Tenga jina la tovuti peke yake, lilinganishe lote na orodha, na ukiruhusu matawi yake hakikisha kuna nukta kabla ya jina. Tena usichuje kurasa tu. Matangazo huingia ndani ya ukurasa ulioruhusiwa, kwa hiyo kila kitu ambacho WebView, ile sehemu ya programu inayofungua kurasa, inaomba kipimwe, picha na skripti zikiwemo.

Mwalimu_PP2, Kisumu:
Sawa Fundi, lakini umesikia alivyosema? Asishike!

Bondeni_Nakuru:
Mwalimu, unalia ukubwa wa vitufe na hujasema tableti ni ya inchi ngapi! Ya inchi 7 ina takriban sentimita 15 kwa 9. Ilaze. Picha sita, tatu juu tatu chini, kila moja sentimita 3.5, na milimita 8 kati yake. Kushoto bado unabaki na ukanda wa kitufe cha nyumba, ambacho hakihami kamwe. Mtoto akibonyeza, kitu kilie papo hapo. Mtandao wetu ukichelewa na skrini imenyamaza, atabonyeza mara kumi, na usipozuia mabonyezo ya ziada kila moja linaanza kupakia upya. Bando kwisha.

MamaBusia:
Na sauti je? Sauti yake ya mashine inasoma "ng'ombe" kama "ngombe"! Rekodi mtu. Opus, aina ya faili la sauti, ya kilobiti 24 kwa sekunde ni kilobaiti 3 kwa sekunde. Maneno 200 ya sekunde moja moja ni kilobaiti 600, chini ya picha moja ya simu. Hana kisingizio hata kimoja.

FundiKibuye:
Mama, ng'ombe atasubiri. Nambari ya siri ya mzazi kwanza! Mtoto hakariri tarakimu, anakariri mahali kidole cha mama kinapogusa. Kibodi ichanganye tarakimu kila inapofunguka.

Kakamega_Chaja:
Mnabishania ng'ombe na tableti zenyewe haziwaki! Tundu la micro-USB lina ulimi mwembamba ndani. Mtoto akisukuma waya kichwa chini, ulimi unavunjika, na kivinjari kizuri namna gani hakitakusaidia. Nunueni kebo ya sumaku. Kichwa kinabaki tunduni, waya unanasa wenyewe.

MamaBusia:
Hizo zinapitisha data, au ni za kuchaji tu?

Kakamega_Chaja:
Nyingine huchaji tu. Ijaribu dukani kwa kuichomeka kwenye kompyuta. Tableti isipoonekana, hutaweza kuingiza programu kwa waya.

Mwalimu_PP2, Kisumu:
Jamani, tulikuwa kwenye ASISHIKE.

Bondeni_Nakuru:
Chaja, na vumbi likishaingia tunduni? Hapa Nakuru kiangazi waya haushiki kabisa.

Kakamega_Chaja:
Zima kwanza. Kijiti cha meno cha mbao, kavu, kwaruza taratibu pembeni mwa ulimi. Usitumie sindano, itagusanisha nyaya za ndani.