Wito wa uzee wa baraza, kesi ya adhabu ya kifo (Houston)

Mama Neema, Houston
Ndugu zangu, salaam. Nimeitwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mauaji, na dodoso linauliza kama ninaweza kupiga kura itakayompeleka mtu kwenye sindano ya kifo. Imani yangu hainiruhusu. Karani niliyempigia simu alisema nijaze tu, kisha akakata. I-130 ya mama yangu (ombi la kumleta ndugu) bado iko USCIS, idara ya uhamiaji: je, nikijibu kwa ukweli, jibu hilo litamharibia?

Mzee Salum, Columbus
Mwanangu, jaza ukweli, maana utaapishwa. Tangu kesi ya Witherspoon ya mwaka 1968, katika Mahakama ya Juu ya Marekani, kuipinga adhabu hiyo peke yake hakutoshi kukuondoa. Unaondolewa pale msimamo wako unapokuzuia kufuata sheria. Hata hivyo wenye dhamiri kama yako huenguliwa, na mshtakiwa huachiwa walio tayari kuua.

Baba Asha, Dallas
Shikamoo Mzee Salum, lakini hapo umepotosha. Tangu kesi ya Morgan ya mwaka 1992, ya mahakama hiyohiyo, anayeshikilia kwamba kila muuaji lazima auawe naye huenguliwa. Tena hapa si kama Tanzania, ambako wazee wa baraza humshauri jaji tu: mtu akishatiwa hatiani, wao hao huulizwa kama ataendelea kuwa hatari kwa jamii, na kama kuna jambo katika maisha yake la kumpunguzia adhabu. Wote 12 wasipokubaliana, hufungwa maisha bila parole (kuachiwa mapema kwa masharti), na sheria ya Texas inakataza wazee kuambiwa kwamba msimamo wa mmoja wao unatosha kuokoa roho. Hilo linanikera kuliko yote.

Mama Zuhura, New York
Na sisi tuliofiwa? Binamu yangu alifia kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani, Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Mwaka 2001, hapa Manhattan, wazee 12 walishindwa kukubaliana juu ya adhabu ya kifo kwa al-Owhali, aliyetiwa hatiani kwa mlipuko huo, na vilevile kwa Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, wa mlipuko wa siku hiyohiyo Dar es Salaam, wote wawili wakapewa kifungo cha maisha. Nililia kwa hasira.

Mzee Salum, Columbus
Pole sana, mwanangu. Lakini Khalfan angehukumiwa Tanzania kwa kuua kwa kukusudia, jaji asingekuwa na hiari ila kumhukumu kunyongwa, jambo ambalo Mahakama ya Afrika, Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba linavunja haki ya kuishi. Kenya iliachana nalo mwaka 2017.

Baba Asha, Dallas
Kenya iliondoa ulazima tu, Mzee, adhabu yenyewe bado ipo kwenye sheria. Hata Muruatetu, mfungwa aliyeshinda kesi iliyoondoa ulazima huo, alirudishwa Mahakama Kuu apangiwe adhabu upya.