Oili imejaa kwenye inteki (njia ya hewa ya injini), fundi anasema gasketi ya hedi imekwenda. Niskimu hedi (kuichonga inyooke) au nitafute injini nyingine?

Ngazi Fupi (mleta uzi)
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri wa haraka, leo siku ya tatu usingizi hauji.

Gari ni ya petroli, silinda nne, haina tabo. Juzi nilifungua ule mpira mkubwa unaotoka kwenye eaklina kwenda kwenye throtoli (mlango wa hewa ya injini), nikakuta oili. Sisemi unyevu, nasema oili, imetuama kwenye kona ya chini kiasi cha kujaza kizibo cha chupa ya maji. Throtoli yenyewe nyeusi, ukipitisha kidole kinateleza. Nikikanyaga mafuta moshi unatoka nyuma, na ikiwa imesimama inanguruma inatetemeka kama ina homa.

Fundi kavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kaona oili imepauka ina povu, akasema gasketi ya hedi imekwenda, maji yanachanganyika na oili. Anataka kushusha hedi, yaani kichwa cha injini, Ijumaa.

Swali langu dogo tu: kuskimu hedi na kufunga gasketi mpya, au kutafuta injini nyingine iliyotumika? Asanteni.

Tairi la Akiba
Tafuta injini. Mimi niliskimu hedi ya gari yangu ya zamani, fundi akafunga bolti zilezile za mwanzo, akakaza kwa nguvu ya mkono na kusema "hapa haitoki". Ilikaa miezi miwili. Nikashusha tena. Safari ya pili nikasimama mwenyewe pembeni na rula ya chuma na zile kisu za kupimia mwanya, kumbe bloku nayo ilikuwa imepinda. Yaani hedi imenyooka, imelazwa juu ya kitu kilichopinda. Nilikaa chini pale pale gereji. Halafu mke wangu akapiga simu anauliza niko wapi...

Ila hiyo ni hadithi nyingine. Injini.

Chura Mkavu
Nimekaa pale kwenye tairi, naangalia.

Spana Kumi
Mkuu, kabla hujashusha chochote nijibu mambo manne. Maji ya rejeta yanapungua? Ilishawahi kuchemsha? Moshi ni wa rangi gani na unanukaje? Na oili iko wapi kwenye dipstiki, kwenye alama, chini au juu?

Mzee wa Stepni
Vijana wa siku hizi gari mnaijua kwa redio tu. Kitabu cha gari kipo kwenye droo tangu ilipotoka kiwandani, hakijafunguliwa hata ukurasa. Sisi tulikuwa tunasikiliza injini kwa bisibisi, unaweka ncha kwenye bloku na mpini sikioni, unajua silinda ipi inalalamika. Leo kila kitu "wakuu naombeni msaada".

Ngazi Fupi
Spana Kumi, asante. Maji hayapungui, tangi la akiba liko palepale. Haijawahi kuchemsha mikononi mwangu, geji iko katikati siku zote. Moshi niliuona mweupe lakini jirani anasema una ubuluu.

Mzee, shikamoo, ila sikuuliza habari za redio.

Spana Kumi
Umejibu matatu. La nne?

Wakati unatafuta jibu, soma hii taratibu. Gasketi ya hedi imelala kati ya bloku na hedi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu pale zinapokutana: moto wa silinda, maji na oili. Ikiungua, moto unaingia kwenye maji, au maji yanaingia kwenye silinda, au maji na oili vinakutana. Dalili zake ni kuchemsha, maji kupungua bila kuonekana yanakokwenda, mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma, moshi mweupe mzito wenye harufu kama ya sukari kwa sababu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi. Wewe huna hata moja.

Sasa huo mpira uliofungua uko KABLA ya throtoli. Oili ya kutoka kwenye gasketi ifikeje huko? Ipande kinyume na upepo? Inayofika huko inapita kwenye mpira mwembamba wa kupumulia, ule unaotoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) na kuchomekwa kwenye mpira mkubwa. Injini yoyote, hata mpya, inavujisha hewa kidogo kupita ringi za pistoni kwenda chini kwenye sampu, beseni la oili. Hewa hiyo inatakiwa itoke, kwa hiyo valvu ya PCV inairudisha kwenye manifoldi, njia ya hewa baada ya throtoli, ikaungue. PCV ikiziba, au hewa ikiwa nyingi kwa sababu ringi zimechoka, inatafuta njia nyingine na kutokea kwenye mpira wa kupumulia, imebeba oili.

Na kuna sababu ya tatu, ndiyo maana nakuuliza dipstiki.

Binti Gia
Mimi la kwangu ni moja: kwa nini fundi anaanza kushusha hedi bila kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda? Hiyo ni kazi ya nusu saa. Unatoa plagi zote nne, unakata mafuta na umeme wa plagi, mtu anakanyaga pedeli hadi chini, unazungusha starta, unasoma geji. Kushusha hedi ni siku mbili na huna uhakika.

Tairi la Akiba
Nimemaliza kuongea na mke wangu (leo, sio siku ile). Nasimamia pale pale: injini nyingine.

Ngazi Fupi
Kwenye dipstiki oili ipo ya kutosha.

Spana Kumi
Ya kutosha sio kipimo mkuu. Juu ya alama au chini?

Ngazi Fupi
Juu.

Binti Gia
Juu kiasi gani?

Ngazi Fupi
Kama upana wa vidole viwili juu ya alama ya mwisho. Lakini sioni linahusiana vipi, oili nyingi si bora kuliko pungufu?

Chura Mkavu
Nimeshuka kwenye tairi, nimesogea karibu.

Spana Kumi
Ndugu yangu, hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia. Nani alimwaga oili na alimwaga kiasi gani?

Ngazi Fupi
Nilibadilisha oili mwenyewe. Nilimwaga galoni ya lita 4 yote. Baada ya siku mbili nikazima injini nikavuta dipstiki pale pale, nikaona iko chini ya alama ya chini. Nikaogopa injini isije ikanoki, nikaongeza lita 1. Nani angeacha?

Tusilaumiane sana. Hata hivyo gasketi nimeshanunua tangu wiki iliyopita, seti nzima na bolti zake mpya, na fundi nimemlipa nusu. Kwa hiyo hata kama ni oili, si mbaya tukifungua tukahakikisha. Ndiyo maana niliuliza kuskimu au injini, sikuuliza mengine.

Spana Kumi
Ukizima injini, oili bado iko juu kwenye hedi na kwenye njia zake, inachuruzika kushuka. Ukivuta dipstiki sekunde ile lazima isome pungufu. Gari isimame sehemu tambarare, subiri dakika 5 hadi 10, vuta, pangusa, chovya tena, ndipo usome.

Fungua kitabu (Mzee amesema kweli kwa hili) uone injini inachukua kiasi gani pamoja na filta.

Ngazi Fupi
Kimeandikwa 3.7.

Binti Gia
Umeweka 5. Lita 1.3 ya ziada. Kwenye gari nyingi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja tu. Yaani ulimwaga juu ya alama zaidi ya nafasi yote ya dipstiki.

Krankshafti, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inachapa ile oili kama mwiko kwenye mayai. Ndiyo povu uliloliona. Na povu linapanda na hewa hadi kwenye mpira wa kupumulia, hadi kwenye inteki, linaungua, linatoa moshi wa buluu. Kila kitu ulichoandika hapo juu kimeishia hapo.

Tochi ya Mdomoni
Samahani kuharibu shughuli, lakini hii ni chai. Tena imeiva.

Ukurasa wa kwanza: "juzi nilifungua mpira nikakuta oili". Sasa hivi: "gasketi nimenunua tangu wiki iliyopita". Gasketi ilinunuliwa kabla ya ugonjwa kuonekana? Halafu fundi aliyevuta dipstiki akaona rangi, akaona povu, asione kwamba oili iko vidole viwili juu ya alama? Fundi gani huyo, kipofu wa upande mmoja? Watu tunakesha kumjibu mtu anayetunga.

Chura Mkavu
Nilijua tu, chai ya moto hii. Mnaojaza vikombe jazeni.

Mzee wa Stepni
Uongo ni mbaya kuliko gasketi iliyoungua.

Tairi la Akiba
Kama ni chai basi mimi nimemwaga historia ya ndoa yangu bure.

Ngazi Fupi
Si chai. Haya, nasema yote.

Gari si yangu. Ni ya shemeji, mume wa dada yangu. Amesafiri, akaniachia funguo, akasema "uiwashe dakika kumi kila asubuhi betri isilale". Sikuishia kuwasha. Nilikuwa natoka nayo. Nikaona niifanyie na sevisi ili akirudi akute imetunzwa, ndiyo hiyo oili.

Moshi ulianza wiki iliyopita. Nikampigia fundi, nikamtumia video. Akasema "inaweza kuwa gasketi". Nikanunua gasketi. Juzi ndipo nikafungua mpira, na dipstiki nilivuta MIMI, nikaipiga picha ile ncha tu yenye povu nikamtumia. Gari yenyewe hajaiona. Niliandika "fundi kavuta" kwa sababu nilijua mngenicheka.

Shemeji anarudi Jumamosi.

Tochi ya Mdomoni
Kwa hiyo mgonjwa ametibiwa kwa picha ya ulimi wake. Sawa, nusu chai. Nabaki kuangalia.

Binti Gia
Ulipiga ncha tu ukaacha sehemu yenye alama. Kaka, hata daktari hawezi hivyo.

Spana Kumi
Chai au si chai, kesho kuna mwingine atatafuta "oili kwenye inteki" ataangukia hapa, kwa hiyo namalizia.

Kwanza usiiwashe. Oili ikiingia nyingi kwenye silinda pistoni haiwezi kuibana, inaweza kupindisha konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Iache ilale usiku mzima halafu vuta dipstiki. Povu la hewa litakuwa limetulia, oili imerudi rangi yake. Kama bado ni kama uji wa maziwa, hapo kweli kuna maji. Usidanganywe na utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili. Gari inayowashwa dakika kumi kila siku bila kupata joto la kutosha inafanya mvuke unaogandia pale.

Pili, legeza bolti ya sampu, toa oili hadi irudi ndani ya alama. Au imwage yote uweke 3.7, usiwe bahili kwa injini ya mtu.

Tatu, toa valvu ya PCV uitikise. Ikilia chakachaka ni dalili nzuri, ikiwa kimya ioshe au ibadilishe. Pangusa inteki na throtoli, kausha ule mpira, angalia plagi.

Nne, mwambie fundi aje na geji ya kompresheni na kile kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa mdomoni kwa rejeta. Moshi wa silinda ukipita kwenye kulanti, maji hayo yanageuka manjano. Yakibaki buluu, na silinda zote zikasoma karibu sawa, hedi ibaki ilipo. Silinda mbili zilizopakana zikisoma chini pamoja, hapo nitakubali gasketi yako.

Ngazi Fupi
Lakini fundi nimeshamlipa nusu.

Binti Gia
Utakuwa umemlipa kupima.

Ngazi Fupi
Mrejesho wakuu. Oili asubuhi ilikuwa imerudi rangi ya asali, povu hakuna. Nimetoa lita moja na kidogo. Mkono wangu wote mweusi hadi kwenye kiwiko, bolti iliniponyoka ikaingia ndani ya beseni, nikaitafuta kwa vidole huku oili inashuka.

Fundi kaja. Kompresheni 172, 175, 170, 174. Maji yake ya buluu yamebaki buluu. Akasema "nilijua tu". Nilimwangalia.

Plagi ya tatu ilikuwa imelowa, nimebadilisha zote. Moshi ulitoka safari ya kwanza kama dakika ishirini, sasa hakuna.

Tairi la Akiba
Hongera. Ila injini ukiipata bei nzuri usiiache.

Tochi ya Mdomoni
Namba zimekaa vizuri. Naomba radhi nusu. Na gasketi?

Ngazi Fupi
Wauzaji wamekataa kuirudisha kwa sababu nilichana boksi. Niliiweka kwenye buti nikasahau. Shemeji karudi leo mchana, kafungua buti aweke mizigo. Ameishika mkononi, anaigeuzageuza, ananiuliza hii ya gari gani.

Chura Mkavu
Ukamjibuje?

Chura Mkavu
Mkuu?