Ushauri: hela za marehemu baba mdogo kwenye ushirika wa umeme, Texas

Mtoto_wa_Bush: Wakuu, heshima kwenu. Baba mdogo aliishi miaka mingi shamba huko Texas, umeme akipata kwenye ushirika wa wanachama. Alipofariki nikakuta barua yao ya zamani: namba ya uanachama na kiasi cha mtaji "alichogawiwa". Jirani anasema serikali huzibeba hela zisizo na mwenyewe. Kuna jamaa naye anataka theluthi ili anifuatilie. Nifanyeje?

Mzee_Nguzo: Jamaa akae pembeni kwanza. Kutafuta jina kwenye orodha ya jimbo ya mali zisizodaiwa ni bure. Halafu kugawiwa siyo kulipwa, ndugu yangu. Ushirika hauna tajiri wa nje. Ziada ya mwaka huandikwa kwa jina la kila mwanachama kulingana na umeme aliotumia. Pesa yenyewe inabaki kazini, kwenye nguzo, nyaya na transfoma, pengine miaka 20 na zaidi, mpaka bodi ipitishe kuirudisha. Kama barua ni ya mgao tu, hakuna wa kuibeba kwa sasa.

Mama_Mirathi: Nakazia hapo. Shida huanza hundi ikishatoka, ikaenda anwani ya zamani, ikarudi. Majimbo hayafanani: kwingine inaishia hazina ya jimbo, kwingine ushirika unabaki nayo. Texas sheria inauruhusu ushirika kupeleka sehemu ya hela hizo kwenye masomo ya vijana wa vijijini na maendeleo ya uchumi, kwa hiyo usilale. Waandikie, ambatanisha cheti cha kifo na karatasi za msimamizi wa mirathi. Baadhi ya vyama huwalipa warithi mapema bila kungoja zamu, ila wanakata. Waulize ukichukua sasa ni ngapi na ukisubiri ni ngapi. Usisaini kabla.

Mtoto_wa_Bush: Asante mama. Ila mwishoni alihamia Oklahoma. Nitafute wapi?

Mzee_Nguzo: Kote kuwili. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1965, kesi ya Texas na New Jersey, kwamba mwenye haki ya kuzibeba ni jimbo la anwani ya mwisho ya mwenye hela iliyomo kwenye vitabu vya anayedaiwa, hapa ushirika. Kama hakuwaambia amehama, vitabu vinasoma Texas. Jaribu na jina likiwa limekosewa herufi, majina yetu wanayavuruga sana.

Mama_Mirathi: Na anwani yako wape leo leo.