Kisu mdomoni mwa tewa! Huyu nahodha wa hapa Malindi atatumaliza

Mwana Mambrui: Ndugu zangu, nina hasira za kumeza nanga. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kapandisha tewa mzazi, samaki wa miambani, kutoka mita 70, mgeni akaomba arudishwe baharini. Bwana mkubwa akachomoa kisu, akalitoboa lile puto la mdomoni, akamtupa. Aliyemkanya akaambiwa, "Nyamaza, mtu wa bara wewe!"

KISU. MDOMONI.

Lile si puto, ni tumbo la samaki! Mita 70 chini, mgandamizo ni mara 8 ya huku juu. Akivutwa, hewa iliyo kwenye kibofu chake cha kuelea hutanuka na kulisukuma tumbo nje, macho nayo yakatoka kama ya kinyonga. Ukilitoboa umemjeruhi tumbo, na hewa iko palepale. Akaelea kichalichali, mwewe wa pwani nzima wakaitana. Kisu mdomoni, jamani!

Chubwi Nzito: Huyo huyo! Hata kreti la mkate la kumshushia samaki hana? Ligeuze juu chini, funga vyuma kwenye pembe za mdomo wake, kamba kwenye kitako kilichogeuka juu. Samaki aliyevimba hukaa humo mwenyewe kwa sababu anataka kuelea. Shusha hadi karibu na chini, kibofu kitanywea, atatoka kwa mkia wake. Afanyiwe upesi, dakika mbili zisipite juu ya sitaha.

Baba Tewa: Kreti la nini? Ndoana kubwa yatosha. Sugua kijino chake kwa tupa mpaka kiishe, funga mshipi wa kuvulia kwenye pindo la ndoana, chubwi ya kuzamishia kwenye tundu lake. Itundike mdomoni, shusha, ukifika chini vuta kwa nguvu mara moja, inachomoka. Ila chubwi ya nusu kilo haimshushi tewa mkubwa, weka kilo 2.

Mshipi Mrefu: Na sindano ya kutolea hewa je? Yenye tundu, chini ya gamba, nyuma ya pezi la ubavuni, imelazwa nyuzi 45.

Baba Tewa: Mkono usiojua hutoboa ini. Mshushe tu! Marekani, kwenye Ghuba ya Mexico, boti za kuvua samaki wa miamba zililazimishwa mwaka 2022 kubeba kifaa cha kushushia au sindano. Sisi twabeba kisu.

Mla Mchuzi: Mleta uzi, kilio chote hiki kwa tewa mmoja? Wa kilo ngapi? Ungemchukua nyumbani watoto wakamla kwa nazi.

Mwana Mambrui: Mgeni alitaka arudi hai! KISU MDOMONI, mwaelewa?

Mla Mchuzi: Twaelewa, bwana. Muuza barafu ndiye wa kumlilia! Kilo moja ya samaki kwa joto letu yataka kilo moja ya barafu. Yeye akupa mabonge mawili, moja limeshakuwa maji.

Chubwi Nzito: Na hayapondi! Bonge zima huminya nyama ya samaki na kuacha mapengo ya joto. Lipondwe, litandikwe chini, kati na juu.

Mshipi Mrefu: Kesho bei yapanda tena, mmesikia?

Mla Mchuzi: Ati nini? Kwa kipimo kile kile?